Mashine za Boti za Mapigo Manne: Utunzaji wa Oili na Vali kwa Wavuvi wa Unguja

Katika madiko ya Unguja, kuanzia Malindi ukingoni mwa Mji Mkongwe hadi Nungwi, Mkokotoni, Chwaka na Kizimkazi, mashine inayofungwa nyuma ya boti ni miongoni mwa mali ghali kabisa alizonazo mvuvi. Inapozimika mbali na nchi kavu, hasara haiishii kwenye samaki waliokosekana. Mkondo wa bahari katika mwambao wa Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima na huongeza kasi wakati wa upepo wa kusi. Boti isiyo na mashine wala tanga huchukuliwa nao pamoja na watu waliomo.

Kwa miaka mingi mashine zilizozoeleka katika madiko hayo ni za mapigo mawili, ambazo oili yake huchanganywa na petroli ndani ya dumu. Sasa mashine za mapigo manne nazo zimo katika matumizi, kwa kuwa hula mafuta kidogo zaidi, hazitoi moshi mwingi na sauti yake ni ndogo. Faida hizo zina sharti lake. Katika mashine ya mapigo mawili, oili mpya huingia kila petroli inapoingia; katika mashine ya mapigo manne, oili ni ile ile inayozunguka kwa wiki kadhaa, huchakaa kimya kimya, na vali nazo hubadilika kidogo kidogo bila kuonekana. Anayehamia mashine ya mapigo manne huku akibaki na mazoea ya mapigo mawili huiua mashine yake mapema.

Makala hii inaeleza namna oili na vali zinavyofanya kazi, dalili za hitilafu, na ratiba ya utunzaji inayolingana na mwenendo wa uvuvi wa Zanzibar.

Mapigo mawili na mapigo manne

Pigo moja ni mwendo wa pistoni kutoka juu hadi chini au chini hadi juu ndani ya silinda. Mashine ya mapigo manne hukamilisha kazi yake kwa miendo minne: kuvuta hewa na petroli, kubana mchanganyiko huo, kuwaka kunakoisukuma pistoni, na kutoa moshi. Mlango wa kuingizia na mlango wa kutolea moshi hufunguliwa na kufungwa na vali. Vali hizo huendeshwa na kamshafti, yaani mhimili wenye vinundu unaozunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenkishafti.

Mashine za mapigo mawili zinazotumiwa na wavuvi hazina vali za aina hiyo wala kamshafti. Pistoni yenyewe hufunika na kufunua matundu yaliyo ubavuni mwa silinda. Ndiyo maana fundi aliyebobea katika mashine hizo kwa miaka ishirini anaweza kuwa hajawahi kupima nafasi ya vali, na si kosa lake, kwa kuwa haikuwapo ya kupimwa.

Wingi wa kazi ya vali hauonekani kwa macho. Mashine inapozunguka mara 5,000 kwa dakika, kila vali hufunguka na kufunga mara 2,500 kwa dakika, sawa na mara 150,000 kwa saa moja. Baada ya saa 100 za kazi ya namna hiyo, vali moja imegonga kiti chake mara milioni 15. Bandu bandu huisha gogo.

Safari ya oili

Chini ya injini ya mapigo manne kuna sampu, yaani hodhi la oili. Pampu huivuta oili kutoka humo, huipitisha kwenye chujio na kuisukuma hadi kwenye beringi za krenkishafti, kwenye kamshafti na kwenye roka zinazozisukuma vali. Kisha oili hurudi sampuni kwa uzito wake na safari huanza upya. Pamoja na kulainisha, oili hiyo hupunguza joto, huzuia kutu, na hubeba masizi na vumbi la chuma hadi kwenye chujio.

Zipo injini ndogo za mapigo manne zinazofuata njia nyingine. Injini za ndege za mfano zinazorushwa kwa rimoti, ambazo kampuni ya O.S. ya Japani ilianza kuziuza mwaka 1976, kwa kawaida hazina sampu. Oili huchanganywa na mafuta ya kuwakia, na ile inayopenya kando ya pistoni ndiyo inayolainisha beringi, kamshafti na roka. Mafuta hayo yana methanoli inayovuta unyevu, hivyo mwenye injini hutakiwa kuyamaliza yaliyobaki na kuipaka injini oili kabla ya kuihifadhi, ama kutu huila kwa ndani. Mfano huo unaonesha kwamba kila injini ina njia yake ya kupata oili, na njia ya injini moja haifai kwa nyingine.

Kwa sababu hiyo, kuchanganya oili na petroli katika mashine ya boti yenye sampu ni kosa. Oili hiyo haiwaki vizuri. Huacha masizi juu ya plagi, juu ya pistoni na kwenye shingo za vali, hadi vali zishindwe kufunga sawasawa. Kosa la pili ni kutia sampuni oili ya mapigo mawili, yenye alama ya TC-W3. Oili hiyo imetengenezwa ili iungue pamoja na petroli. Haikukusudiwa kuzunguka ndani ya injini kwa saa nyingi.

Oili ipi, na kwa muda gani

Watengenezaji wengi wa mashine za boti za mapigo manne hutaka oili ya uzito wa 10W-30 au 10W-40. Oili yenye alama ya FC-W, inayotolewa na chama cha watengenezaji wa vyombo vya baharini cha Marekani, imepimwa kwa kazi ya mashine za boti, ikiwamo uwezo wa kuzuia kutu. Oili ya gari inaweza kuwa na uzito huo huo, lakini haikuandaliwa kwa ajili ya injini inayolala na hewa ya chumvi kila siku. Kitabu cha mashine husika ndicho chenye neno la mwisho.

Kuhusu muda, maelekezo ya kawaida ni kubadilisha oili ya kwanza baada ya saa 20 za kazi, kwa kuwa mashine mpya hutoa vumbi la chuma inapozoeana. Baada ya hapo oili hubadilishwa kila saa 100 au kila miezi sita, kwa kutegemea lipi linatangulia. Baadhi ya vitabu huruhusu mwaka mmoja.

Hapo ndipo wavuvi wengi hupotea. Vitabu hivyo vimeandikwa vikimzingatia pia mtu wa Ulaya au Marekani anayetoka na boti mwishoni mwa wiki, ambaye saa 100 kwake zinaweza kuwa kazi ya mwaka mzima. Mvuvi wa Unguja anayeendesha mashine saa nne kwa siku, kwa siku 25, humaliza saa 100 ndani ya mwezi mmoja. Akisubiri miezi sita, oili yake huwa imefanya kazi ya saa 600, mara sita ya muda wake. Kwa mvuvi wa kila siku, kipimo sahihi ni saa, na kalenda ni kwa mwenye mashine inayokaa.

Mashine isiyo na kipimo cha saa inaweza kuhesabiwa kwa petroli. Kwa mfano, mashine inayotumia wastani wa lita tano kwa saa hufikisha saa 100 inapomaliza lita 500, yaani madumu 25 ya lita 20. Daftari dogo linalowekwa pamoja na hesabu za mauzo latosha kuonesha siku ya kubadilisha oili imefika.

Kuisoma oili

Oili hukaguliwa kila siku kabla ya kushuka majini. Mashine iwe imesimama wima, imezimwa kwa dakika kadhaa ili oili iteremke, na kijiti cha kupimia kifutwe kabla ya kuchovywa tena. Kiwango kinatakiwa kiwe kati ya alama mbili. Kilicho chini huinyima pampu oili. Kilichozidi nacho ni hatari, kwa kuwa krenkishafti huipiga oili hadi ikafanya povu, na povu halilainishi chuma.

Rangi na harufu nazo hueleza mengi. Oili nyeusi yenye kiwango sahihi ni ya kawaida ikiwa muda wake haujapita. Oili iliyogeuka mfano wa chai ya maziwa imeingiliwa na maji, na mashine haitakiwi kuwashwa mpaka fundi ajue maji yamepita wapi. Oili inayopanda kiwango yenyewe na kunuka petroli ina maana kwamba petroli inavuja hadi sampuni. Hutokea zaidi kwa mashine inayotembezwa polepole kwa muda mrefu bila kupata joto lake kamili. Oili hiyo huwa nyepesi na haiwezi kubeba uzito wa beringi. Chembe zinazong'aa kwenye oili iliyomwagwa ni chuma kinacholika, na ni ishara ya kwenda kwa fundi bila kuchelewa.

Vali na nafasi yake

Kati ya roka na ncha ya vali huachwa nafasi ndogo sana wakati mashine ikiwa baridi. Vali hurefuka inapopata joto, na bila nafasi hiyo ingebaki imesukumwa wazi. Katika mashine nyingi za boti nafasi hiyo huwa kati ya milimita 0.15 na 0.35, na kwa kawaida ya vali ya kutolea moshi ni kubwa kuliko ya kuingizia, kwa kuwa hupata joto zaidi. Kila mashine ina vipimo vyake, na zipo chache zinazojirekebisha kwa nguvu ya oili.

Nafasi ikizidi, husikika mgongano wa chuma juu ya injini, vali hufunguka pungufu na vinundu vya kamshafti hulika haraka. Ikipungua, hakuna sauti inayosikika, na hiyo ndiyo hali mbaya zaidi. Vali hupoteza sehemu kubwa ya joto lake inapokaa juu ya kiti chake. Isipokaa sawasawa, moshi wa moto hupenya pembezoni mwake, ukingo wake huungua na kumegeka, na mgandamizo wa silinda hushuka. Mvuvi huona mashine ikiwa nzito kuwaka asubuhi, ikitetemeka inapokuwa taratibu, na ikishindwa kuinua boti iliyojaa. Wengi hubadilisha plagi mara mbili tatu, huku tatizo likiwa kwenye vali.

Kupima na kurekebisha

Kazi hii ni ya fundi mwenye vifaa, lakini mwenye mashine anatakiwa ajue hatua zake ili aweze kusimamia mali yake. Mashine huachwa ipoe kabisa. Plagi hutolewa, kifuniko cha vali hufunguliwa, na gurudumu la juu huzungushwa kwa mkono kufuata mwelekeo wa kawaida wa mashine mpaka pistoni ifike juu katika pigo la kubana. Hapo vali zote mbili za silinda hiyo huwa zimefungwa na roka zake huchezacheza kidogo.

Kibamba cha filagegi chenye unene uliotajwa kitabuni huingizwa kati ya roka na vali. Kinatakiwa kipite kwa kukwaruza kidogo. Kikipita bila kugusa nafasi imezidi, na kikikataa imepungua. Nati ya kufungia hulegezwa, skrubu huzungushwa hadi nafasi iwe sawa, nati hukazwa huku skrubu imeshikwa, kisha nafasi hupimwa tena, kwa sababu kukaza kwenyewe huweza kuibadilisha. Kabla ya kurudisha kifuniko, gasketi iliyochoka hubadilishwa.

Ikiwa mashine imepoteza nguvu na haijulikani kama kosa ni la vali au la ringi za pistoni, fundi hupima mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Silinda yenye kipimo cha chini hutiwa oili kidogo kupitia tundu la plagi, kisha hupimwa tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka, kwa kuwa oili imeziba pengo lake kwa muda. Kikibaki pale pale, hewa inavujia kwenye vali. Jaribio hilo la dakika chache humwepusha mvuvi kununua vifaa asivyovihitaji.

Chumvi na joto

Mashine ya boti hupozwa kwa maji ya bahari yanayovutwa na pampu ndogo. Chumvi inayobaki njiani huganda na kuzibana njia za maji. Mashine inayochemka huharibu oili na kuunguza vali hata kama nafasi zake ni sahihi. Hivyo, mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya mashine uangaliwe kila inapowashwa. Ukidhoofika au ukikatika, mashine izimwe mara moja na isiachwe ifike bandarini ikiwa kavu.

Baada ya kazi, mashine isafishwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Penye shida ya maji, pipa moja lililojazwa laweza kutumika kwa mashine kadhaa za diko moja, ilimradi maji yabadilishwe yanapokuwa na chumvi. Gia iwe huru, na mashine iendeshwe taratibu kwa dakika chache.

Kuibeba, kuilaza na inapozama

Mashine ndogo hubebwa begani kutoka pwani hadi nyumbani kwa kuhofia wizi. Mashine ya mapigo mawili haidhuriki sana ikilazwa ubavu wowote. Ya mapigo manne ina oili tumboni: ikilazwa ubavu usio wake, oili hupenya hadi silindani, na inapovutwa kamba kesho yake pistoni hugonga oili isiyobanika. Mashine nyingi zinazobebeka zina alama inayoonesha ubavu wa kulazia, na wabebaji wote wanatakiwa waijue.

Boti ikipinduka na mashine ikazama, muda ndio adui. Isafishwe kwa maji yasiyo na chumvi, plagi zitolewe, maji yatolewe silindani, oili ya sampu imwagwe, kisha silinda zitiwe oili safi na mashine ifikishwe kwa fundi siku hiyo hiyo. Kuiacha ikauke juani ni kuikabidhi kwa kutu. Ikiwa ilikuwa inazunguka ilipozama na sasa kamba haivutiki, isilazimishwe.

Ratiba inayolingana na mwezi na pepo

Uvuvi wa Zanzibar una kalenda yake. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hupumzika siku za mwezi mpevu, kwa kuwa mwanga wa mwezi huwatawanya samaki. Mapumziko hayo huja kila mwezi na yanakaribiana sana na saa 100 za kazi. Ratiba ifuatayo inaweza kufuatwa na kikundi chochote:

Kila siku: kukagua kiwango na rangi ya oili, kuangalia mchirizi wa maji, na kusafisha mashine baada ya kazi.

Kila mwezi mpevu: kuangalia daftari la saa, kubadilisha oili zinapofika 100, na kukagua plagi. Chujio la oili hubadilishwa kwa kufuata kitabu, mara nyingi kila saa 200.

Kabla ya kaskazi na kabla ya kusi: kupima nafasi za vali, mgandamizo wa silinda na pampu ya maji. Mashine inayofanya kazi kila siku ipimwe vali mara nyingi zaidi, kulingana na saa zilizotajwa kitabuni.

Oili iliyotumika

Mashine ya mapigo manne huzalisha oili chafu inayotakiwa kutupwa, jambo ambalo halikuwapo kwa mapigo mawili. Oili hiyo isimwagwe pwani. Maji ya Unguja ndiyo yanayolea mwani unaolimwa kibiashara katika pwani ya mashariki tangu mwaka 1989, na ndiyo yenye matumbawe ya Chumbe, Mnemba na Ghuba ya Menai. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 inalinda mazingira hayo. Oili irudishwe ndani ya madumu yenye mfuniko, yawekwe mbali na moto na visima, na kila diko likubaliane na gereji zinazoipokea.

Wajibu wa vikundi

Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, chini ya Sera ya Uchumi wa Buluu, imekuwa ikiwapatia boti na mashine vikundi vya wavuvi na wakulima wa mwani. Mashine ya kikundi ina hatari moja ya ziada: kila mmoja hudhani mwenzake amekagua oili. Kikundi kinashauriwa kumteua mtu mmoja mwenye dhamana ya daftari la saa, na kutenga fedha ya oili kutokana na mauzo ya kila safari kabla ya mgao.

Vijana wanaotaka kuwa mafundi wanaweza kupata msingi wa ufundi wa injini katika vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Makunduchi, na katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume. Elimu ya vali za gari na pikipiki ndiyo hiyo hiyo inayohitajika dikoni, na fundi mwenye filagegi na geji ya mgandamizo ana kazi ya kutosha katika madiko ya kisiwa hiki.

Kabla ya kushuka majini, nahodha hukagua maji, upepo na mafuta. Mwenye mashine ya mapigo manne anatakiwa aongeze la nne: kuchomoa kijiti cha oili na kukisoma. Kazi hiyo ni ya dakika moja, na inafanyika ufukweni ambapo hitilafu bado inaweza kutengenezwa.